Mponyaji wa Daraja la Nne

Saa mbili kasorobo asubuhi ya leo nimemuua mdogo wangu kwa mdomo. Yuko hai. Nasema mapema ili msije mkaanza kulia. Waliolia leo wametosha.

Jamaa zangu mlioko Mwanza na Dar, naandika barua moja mpokezane, maana sina nguvu ya kusimulia aibu hii mara mbili. Mtu akishindwa kujizuia, acheke mbali na watu wanaonijua.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza saa hapa Miembeni, mjini Bukoba. (Ndiyo sababu nina uhakika na ile kasorobo. Saa za wateja wangu kila moja ina mawazo yake, lakini yangu mwenyewe naisahihisha kwa redio.) Mnajua pia kwamba shule yangu iliishia darasa la nane, na mengine nimejisomea. Msilolijua ni mchezo.

Bipin, yule kijana wa duka la vitambaa, ambaye familia yake ni kati ya zile chache za Kihindi zilizobaki mjini, alitumiwa boksi na binamu yake aliyeko Uingereza. Ndani mlikuwa na vitabu na dadu za ajabu, moja ina nyuso ishirini. Mchezo wenyewe hauna ubao. Bipin anasimulia: mko kwenye pango, mbele kuna zimwi. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na anasema mtu huyo atafanya nini. Dadu ndizo zinazoamua kama ameweza. Mtu wako lazima awe na kazi: mpiganaji, mchawi, mwizi au mponyaji. Anaanza daraja la kwanza, na akiokoka safari kadhaa anapanda. Basi. Nilivisoma vitabu vile na kamusi mezani mpaka mke wangu akaniuliza kama ninajiandaa kwa mtihani wa serikali.

Mdogo wangu Deo anaishi Ijumbi, kule Muleba. Amekuja mjini kwa ajili ya hospitali na analala kwangu. Anaumwa. Anaumwa nini, kwetu siku hizi hatuulizani. Mtu akianza kukonda, majirani wanapunguza sauti wakipita mlangoni kwake, kama vile amelala. Ana mke, Theonestina, na mabinti wawili wadogo. Hana mtoto wa kiume, na baba yetu mdogo, Ta Leonidas, halisahau jambo hilo hata akiwa kanisani.

Ili Deo asishinde akiangalia dari, tulianza kuchezea chumbani kwake. Mimi, kwa ujuzi wangu mkubwa, nikamfanyia uchambuzi wa kazi ya kuchagua. Nikampendekezea mponyaji, nikampa sababu moja baada ya nyingine. Anafunga majeraha kwa dua. Anavaa deraya, vazi zito la chuma, kama mpiganaji, ila hagombani na mtu bila sababu. Maiti zinazotembea zikimwona zinakimbia. Na akifika daraja la tano, anapewa dua ya kuondoa ugonjwa.

Deo akajiinua kwenye mto. "Ugonjwa upi?"

"Wowote. Kitabu hakikuchagua."

"Basi huyo huyo."

Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nikamweleza na udhaifu wake. Mponyaji haruhusiwi kushika kitu chenye makali. Silaha yake ni rungu. Hapo Projestus, mchezaji wetu wa tatu, akacheka mpaka akamwaga chai. "Mhaya gani anaingia migombani bila panga?" Nikaendelea. Dua zake ni chache, na zikiisha haziongezeki mpaka alale. Na udhaifu mkubwa, ambao kitabu hakikuuandika bali nimeugundua mwenyewe: anawatibu wote, yeye hana wa kumtibu.

Projestus aliwahi kuwa askari; alivuka mpaka kwenda Uganda wakati wa vita na akarudi akiwa na goti moja linalokunjika. Akasema, "Kweli. Kikosini kwetu mganga alitufunga bendeji sote. Alipopigwa yeye tukaanza kuulizana, nani anajua kufunga?"

Deo akampa mponyaji jina lake mwenyewe. Nilimshauri atafute lingine, akakataa. "Deo linatosha. Sina pumzi ya kuitikia majina mawili."

Jana Jumapili mchana mponyaji Deo alikuwa daraja la nne. Alibakiza kidogo sana kufika la tano. Mpiganaji wa Projestus akajitosa kwenye pango la mjusi mkubwa bila kumsikiliza mtu, akararuliwa. Deo akamfuata, akamtumia dua yake ya mwisho, akamsimamisha. Mjusi akamgeukia Deo. Mimi nilikuwa na upinde, nikatupa dadu. Ikatoka moja. (Moja! Nyuso ishirini, na mimi naangukia moja.) Mponyaji akafa.

Deo mwenyewe alicheka hadi kikohozi kikamshika. Alipopata sauti akasema, "Hata huko!" Kisha akageukia ukutani akalala.

Sasa tuje leo asubuhi.

Nimefungua kibanda. Pembeni yangu ameketi mama mmoja wa Ijumbi anayeleta maharage mjini, anangoja lori la kurudi. Namfahamu, jirani wa Deo. Juzi alipita nyumbani kumsalimia, akamkuta amelala, akamwachia kibaba cha maharage. Projestus akatokea anachechemea.

"Umeamkaje, Fundi?"

"Vibaya. Sijalala. Namfikiria Deo."

"Hata mimi. Ni mimi niliyemponza."

"Amekufa kijinga, Projestus. Jana mchana, amebakiza kidogo tu!"

"Hakulalamika lakini."

"Hakulalamika. Ndivyo alivyo."

Someni tena maneno hayo kwa masikio ya mama wa maharage. Hakuna neno alilolikosea. Alishika mdomo, akasema "Mae!" kwa sauti ndogo, akabeba magunia yake matupu, akakimbilia lori lililokuwa linapiga honi. Mimi nikadhani anakimbilia honi.

Hakuuliza. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Miaka ya nyuma mtu akisikia fulani amekufa angesema, "Nani? Deo gani? Si juzi nilimwona? Amepatwa na nini?" Angekataa kwanza. Siku hizi taarifa ya kifo inapokelewa kama taarifa kwamba mvua imenyesha upande wa pili. Na mtu kama Deo, ambaye wamekwisha kumhesabu, alikuwa anangojewa tu.

Mnamo saa nne nikiwa nimeinamia saa ya mwalimu mmoja, lenzi jichoni, nikasikia miguu mingi. Nikainua kichwa. Fundi baiskeli, mama ntilie, kinyozi na wengine wanne, wamevua kofia; mama wa maharage alikuwa amewadokezea akikimbilia lori.

"Pole sana, Fundi," akasema kinyozi.

"Ya nini?"

Wakaangaliana.

"Ya Deo."

"Deo yuko nyumbani anakunywa uji."

Mama ntilie akafumba macho. "Maskini. Bado haijamwingia."

"Imeniingia nini? Nawaambia yuko nyumbani!"

"Ndiyo, Fundi. Yuko nyumbani kwa Baba," akasema kinyozi, akaninyang'anya bisibisi kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe. Fundi baiskeli akaanza kunifungia kibanda. Kila nilivyozidi kupiga kelele kwamba Deo ni mzima, ndivyo mama ntilie alivyozidi kulia. Nikaona sina njia ila kuwapeleka.

Tukakuta Deo amekaa mlangoni na kikombe cha uji. Wakasimama. Fundi baiskeli, ambaye kwa umri angeweza kumzaa Deo, akapiga goti nusu na kusema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu Deo. (Hakujizuia, mpumbavu yule.) "Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilitegemea acheke. Akaniuliza kitu kimoja tu. "Aliyesikia ni wa Ijumbi?"

"Ndiyo."

"Na lori limeondoka?"

"Tangu saa mbili."

Akaweka kikombe chini. "Kaka, baba mdogo ataingia kwenye kibanja changu, nyumba na migomba yote, kabla jua halijageuka. Atamfukuza Theo na watoto. Akishafanya hivyo mbele ya watu wa msiba, nitakapokufa kweli hatahitaji hata kurudia."

Hapo mimi mwenyewe nikaacha kuona kichekesho.

Simu hakuna. Nikamkimbilia Bipin dukani. Kwa bahati alikuwa anapakia pikapu ya baba yake. Ana kabati la kioo la mteja mwenye duka Muleba mjini, limefungwa ndani ya kasha refu la mbao lisivunjike. Nikamwomba atufikishe na Ijumbi. Akakubali, uso umempauka, kwa sababu yeye ndiye msimulizi wa mchezo na alijiona ndiye mwuaji hasa.

"Deo, wewe baki upumzike," nikasema.

"Nitapumzika sana baadaye. Leo nataka kuwaona wanavyonililia. Wengi hawapati nafasi hiyo."

Akavaa koti lake la kanisani. Akakaa mbele kati yangu na Bipin. Projestus akapanda nyuma, akakaa juu ya kasha. Tulipofika Muleba mjini duka la mteja wa Bipin limefungwa. Mwenye duka la jirani akatuambia, "Amekwenda msibani Ijumbi." Akachungulia ndani ya pikapu, akaona kasha, akavua kofia. "Ndiyo mnampeleka? Poleni."

Bipin akafungua mdomo. Deo akainama, akajifanya anafunga kamba za kiatu. Tukaondoka na kasha letu.

Saa nane mchana tunaingia Ijumbi. Nimehudhuria misiba mingi mwaka huu kuliko harusi za maisha yangu yote, kwa hiyo nilijua kabla ya kuona. Hakuna mtu shambani. Moshi wa kuni nyingi. Uwanja umejaa, ndizi zimerundikwa kando ya jiko la nje, nyasi zimetandazwa sebuleni, wanaume kwenye mabenchi ya kigango, katekista na kitabu chake. Walichokuwa wanangoja ni mwili tu.

Na mwili ukaja! Pikapu kutoka Bukoba, kasha refu la mbao nyuma, mtu ameketi juu yake na uso wa kusikitika. (Projestus goti lilimuuma, ndio uso wake wa safari.) Kilio kikapanda kama moto wa makuti. Kabla Bipin hajazima injini, wanaume sita wamekwisha kulishika kasha, katekista ameanzisha wimbo, na kabati la kioo la mfanyabiashara wa Muleba likaanza kuelekea nyumbani kwa Deo. Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa kati ya wabebaji.

"Polepole, kuna kioo!" akapiga kelele Bipin.

Mbebaji mmoja akamwambia mwenzake, "Siku hizi mjini wanaweka na kioo, umwone uso."

Ndipo nikafungua mlango wa mbele nikampisha, na Deo akashuka, koti la kanisani, mkono mfukoni. Akauliza kwa utulivu, "Mnalipeleka wapi hilo?"

Sitaki kueleza yote. Kasha lilianguka. (Kioo kilivunjika, tulisikia wote.) Katekista aliendelea kuimba beti nzima akiwa peke yake, macho yamefumba. Mabenchi yalipinduka. Akina mama walioweza kukimbia wakakimbilia migombani, na wasioweza wakajifunika kanga kichwani.

Theonestina akatoka ndani. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu, akamfikia mumewe, akamshika mkono, akaubonyeza kama anayepima nyanya sokoni. Kisha akanigeukia mimi.

"Shemeji. Umenifanya mjane tangu saa tano."

Nyuma yake wale mabinti wawili walikuwa wameshika fundo la nguo. Nguo zilikuwa zimekwisha kufungwa. Nikaelewa Deo alikuwa ameona mbali.

"Baba mdogo yuko wapi?" akauliza Deo.

Watu wakatazama chini. Kutoka migombani akatokea Ta Leonidas, suruali imekunjwa, jembe begani, na mkononi miche mibichi ya kuwekea mipaka. Alikuwa mbali, hakuona kilichotokea. "Mwili umefika?" akauliza.

"Umefika," akajibu Deo. "Na hiyo miche ni ya kupamba kaburi?"

Mzee yule, jamaa zangu, ni hodari. Alitikisika mara moja tu. Akaitupa miche nyuma ya mguu wake, akamtazama Deo, akanitazama mimi, na papo hapo akageuka kuwa mlalamikaji. "Waitu, watu wangu! Nani aliyeleta habari hii ya uongo? Nani amewashindisha watoto hawa njaa, ameacha mashamba ya watu? Ajibu!"

Mama wa maharage akaninyooshea kidole. Uwanja mzima ukanigeukia.

Nikasimama mbele ya watu wasiopungua mia. Hapo ndipo nikagundua lenzi bado iko kwenye paji la uso, na kamba yake. Nimesafiri nayo kutoka Bukoba, na hakuna rafiki hata mmoja aliyeniambia. Nikaivua. Nikaamua kueleza jambo kwa mpangilio, tangu mwanzo, kama ninavyopenda. Lilikuwa kosa la pili la siku.

"Aliyekufa," nikasema, "si Deo huyu. Ni Deo mwingine. Ni mponyaji."

"Wa wapi?" akauliza katekista.

"Si wa mahali. Ni wa kubuni. Ni mchezo."

"Mnacheza mchezo wa kufa?" akauliza Ta Leonidas, na akatulia ili neno liwaingie watu.

"Si wa kufa. Kufa kunatokea. Mponyaji ana nguvu zake na udhaifu wake. Nguvu yake ya kwanza…" Na kweli, jamaa zangu, nikaanza kuzitaja. Deraya. Dua. Maiti zinazotembea. (Kwenye matanga! Mbele ya mtu aliyetoka kwenye gari la maiti!) Mama mmoja akasogeza mtoto wake mbali nami. Nikafika kwenye rungu, nikaeleza kwa nini haruhusiwi panga.

"Na alikufaje?" Huyo alikuwa Theonestina.

"Alimfuata mwenzake pangoni. Projestus huyu hapa. Mimi nilijaribu kumwokoa, lakini dadu…"

"Dadu?"

"Ndiyo. Tunatupa dadu."

"Shemeji. Mmekaa chumbani kwa mume wangu mgonjwa, mkamtupia dadu aishi au afe?"

Nikatazama kasha. Bipin alikuwa amechuchumaa nyuma yake. Projestus, aliyevuka mpaka chini ya mizinga, akajificha nyuma ya Bipin.

Aliyeniokoa, au aliyenimaliza, ni Ma Paulina. Huyu ni kikongwe wa nyumba ya tatu, amezika watoto wake wote wa kiume na sasa analea wajukuu. Alikuwa mbele kabisa, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, na yeye peke yake alikuwa amenisikiliza kwa makini.

"Mwanangu, ulisema huyo mponyaji alikuwa daraja la ngapi?"

"La nne, Ma."

"Na dua ya ugonjwa iko daraja la ngapi?"

"La tano."

"Ugonjwa upi?"

Nilitaka kusema ni mchezo tu. Lakini mtu anapokuuliza kwa usahihi, umjibu kwa usahihi. "Wowote, Ma."

"Hata huu wetu?"

Nikasikia ndizi zinachemka.

"Kitabu kinasema wowote."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepiga hesabu. "Mnacheza tena lini?"

Hakuna aliyecheka. Nilisubiri mtu acheke, hata Ta Leonidas, ningemshukuru. Nikasema, "Ma, ni hadithi." Akanijibu, "Najua ni hadithi. Nimeuliza lini."

Deo akamwinamia. "Jumapili, Ma. Nitaanza upya daraja la kwanza."

Kisha akasimama katikati ya uwanja. Sauti yake siku hizi ni nyembamba, lakini kwa ukimya ule ilifika. Akasema, kwa kuwa ukoo umekusanyika bila yeye kuuita, na ndizi zimekwisha kupikwa, atasema mara moja. Kibanja hiki ni cha Theonestina na watoto wake, wa kike kama walivyo. Yeye atakapokufa, wakae humo humo.

"Kikao kimekwisha kukaa asubuhi," akasema Ta Leonidas. "Ukoo umeshaamua."

"Kiliamua juu ya marehemu. Marehemu hayupo. Kikae tena."

"Hatuwezi kukaa kila mtu anapofufuka!"

Hapo watu wakacheka, hatimaye, lakini walimcheka yeye, na mzee akajua. Deo akawaomba wanaume wa ukoo waseme mmoja mmoja kwa sauti: nimesikia. Hakutaka waseme wamekubali, anawajua. Alitaka waseme wamesikia. Wakaanza benchi la kwanza. Nimesikia. Nimesikia. Katekista, ambaye si wa ukoo, naye akasema amesikia. Ilichukua muda, na Deo akawa amesimama muda wote ameshikilia mlango wa pikapu, jasho linamtoka. Wa mwisho alikuwa Ta Leonidas. Alitazama miche yake iliyolala mavumbini.

"Nimesikia," akasema. "Si kiziwi."

Theonestina aliwaambia mabinti wafungue fundo la nguo. Hilo nililiona kwa macho yangu, na ndilo pekee nililolipenda leo.

Mnadhani yameisha? Deo akataka kuona kaburi. Wachimbaji walikuwa vijana wanne, wamechafuka udongo hadi kiunoni, wamesimama pembeni kama watu waliokamatwa. Akafika ukingoni, akachungulia, akapima kwa macho.

"Mbona fupi? Mlidhani nitakunja miguu?"

"Tulisikia umepungua, kaka," akajibu mmoja, akatamani kulimeza neno.

"Nimepungua upana."

Nikasema lifukiwe mara moja. Ma Paulina akakataza kutoka kwenye mkeka wake: kaburi likichimbwa halifungwi tupu, litamtafuta mwenyewe. Wekeni mgomba. Basi ukakatwa mgomba mmoja, ukalazwa ndani, katekista akasoma sala fupi ambayo nadhani aliitunga, na Deo akatupa udongo wa kwanza. Watu walilia. Sijui walikuwa wanamlilia nani. Nilijikuta nami nalia, na mimi ni mmoja wa wachache waliojua tangu asubuhi kwamba hakuna aliyekufa.

Kisha hukumu yangu. Ta Leonidas aliipendekeza na kwa mara ya kwanza leo wote walikubaliana naye: nilipe rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kuwaliwaza wafiwa wasiofiwa. Nikalipa. Petroli ya Bipin nikalipa. Kioo cha kabati nikapatana na mwenye duka, ambaye alikuwa mpole kwa kuwa ni yeye aliyekiangusha. Nikadhani nimemaliza, nikaelekea garini, mkuu wa wachimbaji akanishika bega.

"Fundi, na sisi?"

"Ninyi wa nini? Tangu lini mtu anadai kwa kuchimba kaburi?"

"Kuzika mtu ni bure," akasema kijana yule, bila ubaya wowote, akijifuta mikono. "Kuzika mgomba ni kibarua."

Sikuona mahali pa kumpinga. Jumla ya siku, pamoja na kibarua: shilingi elfu mbili mia tatu na hamsini.